Katika Kusifu Masimulizi ya Wasasi

Katika fani zote za ulimi ambazo watu wa nchi zetu wamezilea, kuanzia tungo za washairi hadi hukumu za wazee barazani, hakuna iliyosingiziwa uwongo kama masimulizi ya wasasi. Na kwa kuwa nimeishi miaka mingi katika mji huu wa Nairobi, ambao umesikia hadithi za mawindo tangu siku ulipozaliwa, naona ni wajibu wangu kuitetea fani hiyo mbele ya wanaoidharau, na kuisifu mbele ya wanaoipenda bila ya kuujua undani wake. Dai langu ni kwamba hadithi ya msasi, inaposimuliwa na bingwa wake, ni ushahidi wenye masharti yake, adabu zake na amana yake, na mwenye kuiita porojo ya kupitishia usiku amekosa insafu. Na kwamba uzito wa ushahidi huo haupimwi kwa ukubwa wa ajabu inayoelezwa, bali kwa uadilifu wa yule aliyeona kwa macho yake, na wa wale walioipokea kwake wakaifikisha kwetu.

Mwenye kutaka kujua jinsi mji huu na hadithi za wanyama zilivyokua pamoja na aende Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu, alitazame behewa moja kuukuu lililohifadhiwa humo. Nairobi ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwa maana reli iliyotoka Mombasa iliifikia mwaka 1899, na habari za simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli, hata wakauawa na mhandisi J. H. Patterson mwezi wa Disemba 1898, zilikuwa bado mbichi vinywani mwa watu, lilipotokea la Kima. Tarehe 6 Juni 1900 behewa hilo liliwekwa katika njia ya pembeni ya stesheni ya Kima, na ndani yake mlikuwa na watu watatu waliodhamiria kumwinda simba mla watu: Charles Ryall, afisa wa polisi, Mwingereza, Huebner, Mjerumani, na Parenti, Mtaliani. Ryall alichukua zamu ya kwanza ya kukesha, na inaaminiwa kuwa usingizi ulimghalibu. Simba akapanda, behewa likainama kwa uzito wake na mlango wa kutelezesha ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani. Na Huebner, alipotaka kukimbilia upande wa watumishi, akaukuta mlango umezuiwa kwa vilemba na watu wenye hofu kama yake.

Msomaji na azingatie jinsi habari hiyo ilivyohifadhiwa. Tunajua nani alilala wapi, nani alikuwa na zamu, mlango ulijifunga namna gani na windo lilitoka kwa njia ipi. Wala hatukuambiwa kwamba simba yule alikuwa na kimo kisichopata kuonekana, au kwamba macho yake yalitoa moto. Kwa sababu msimulizi alishika mahali, wakati na mwendo wa kila aliyekuwamo, habari imedumu zaidi ya miaka 120, na mtu anayesimama leo mbele ya dirisha la behewa lile hahitaji kuongezewa neno lolote ili nywele zake zisisimke. Tena ni jambo la kuadibisha kwamba mojawapo ya hadithi za mwanzo kabisa za mawindo katika historia ya mji huu ni hadithi ya wawindaji waliowindwa.

Miaka minne baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka 1904, ilifunguliwa Hoteli ya Norfolk, na tangu hapo varanda yake ikawa ndiyo baraza kuu ya wasasi wa kigeni, waliokuja kutoka Ulaya na Marekani kutafuta pembe, meno na ngozi. Mwaka 1909 alifika Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit, kwa msafara uliotayarishwa na kampuni ya Newland na Tarlton ya hapa Nairobi. Na ulipokwisha mwaka uliofuata, baba na mwana walikuwa wamewapiga wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya kwao, na safari hiyo ikaandikiwa kitabu kizima. Hapo hapo Norfolk ndipo kilipoundwa mwaka 1934 chama cha wawindaji wa kazi wa Afrika ya Mashariki, ambacho wito wake wa Kilatini ulimwonya mwanachama ajiepushe na hofu, na ajiepushe vilevile na pupa. Wito huo ningependa ushikwe na kila msimulizi, kwa kuwa yanayomharibu msasi porini ndiyo yanayomharibu barazani: mwoga huficha aliyoyaona, na mwenye pupa husema asiyoyaona.

Lakini wakati mabwana hao walipokuwa wakibadilishana habari katika varanda zao, kulikuwako baraza nyingine ambazo waandishi hawakuzihudhuria. Kileleshwa, ambayo leo ni mtaa wa magorofa na miti ya kivuli upande wa magharibi wa mji, ilikuwa kijiji cha Waafrika, wengi wao Waislamu, hata kilipobomolewa katika miaka ya 1920. Na Pangani, ng'ambo ya pili ya mji, ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Vijiji vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa makao ya watu wa safari, yaani wapagazi, wapishi, wanyapara na washika bunduki, watu wa pwani na watu wa bara waliokutanishwa na mshahara na lugha ya Kiswahili. Hao walirudi Nairobi na habari zile zile zilizokuwa zikisimuliwa Norfolk, ila wao walizijua tangu chanzo chake, kwa kuwa msoma nyayo ndiye atanguliaye, na mwenye bunduki hufuata nyuma akisubiri kuonyeshwa. Roosevelt aliwataja kitabuni washika bunduki wake, Bakari na Muhamed. Lakini hakutokea mtu wa kukaa nao baada ya safari na kuwauliza wao waliona nini.

Ni katika mapokeo ya watu hao kwamba nimeiona fani hii ikifikia ukamilifu wake. Nilibahatika kumsikiliza mzee mmoja wa Kikamba, aliyekuwa mshika bunduki ujanani mwake, akisimulia katika hoteli ya chai pale Dagoretti Corner, mbele ya vijana wawili watatu wanaoendesha magari ya watalii. Alikuwa akieleza habari ya tandala dume waliyemfuata katika vilima vya upande wa Marsabit, na kabla ya kumtaja mnyama alitaja upepo. Alisogeza kikombe kikawa kilima, akalaza kijiko kikawa korongo, akachukua kipande cha andazi akakiweka mahali walipokuwa wao. Kisha akatueleza kwamba alichukua mfuko mdogo wa kitambaa uliotiwa majivu, akautikisa, na majivu yakaenda kushoto, basi ikawalazimu kuzunguka mwendo wa saa nzima ili waingie korongoni kwa upande wa pili. Hakuna aliyekohoa.

Akaendelea kutuambia alivyojua kwamba mbele yao kulikuwa na dume, tena mzee. Kwato za mbele zilikuwa pana na ncha zake zimelika. Vijiti vya kichaka vilikuwa vimevunjika pande zote mbili za njia, juu kuliko bega la mtu, mahali ambapo mnyama asiye na pembe angepita bila kugusa kitu. Umande ulikuwa umefutika juu ya nyasi alimopita, na kando yake ulikuwa bado haujakauka, nayo ni dalili ya kwamba alipita baada ya alfajiri. Tangu hapo, alisema, hakutazama tena chini, kwa kuwa mnyama alikuwa karibu na nyayo zilikuwa zimemaliza kazi yake. Alitafuta kilichotikisika mahali pasipo na upepo, akaona sikio moja, kisha mstari mweupe ubavuni, kisha matawi mawili ambayo hayakuwa matawi. Bwana wake akainua bunduki. Upepo ukageuka, tandala akabweka mara moja, akaruka, na kichaka kikamfunika.

Kijana mmoja akauliza, "Mzee, pembe zake zilikuwa ndefu kiasi gani?" Yule mzee akamtazama kwa upole, akajibu, "Mwanangu, sikuzipima, basi urefu wake siusemi. Niliona mizunguko miwili na nusu, na ncha zimeelekea nje. Hayo ndiyo niliyoyaona." Kijana akanyamaza, nami nikaona kwamba katika jibu hilo fupi mlikuwa na sheria nzima ya fani: sema ulichokiona, sema ulikionea wapi na kwa umbali gani, tenga kilichoonekana na kilichokisiwa, na panapokoma macho yako na ulimi wako ukome. Asifuye mvua imemnyea. Naye aliyeloa kweli hana haja ya kuongeza matone.

Sheria hiyo ndiyo inayomtofautisha msasi na mtu anayejisifia pembe ukutani. Kwa muda mrefu wawindaji wa kigeni walikuwa na mizani yao, kwa maana mwaka 1892 Rowland Ward wa London alianza kuchapa vitabu vya vipimo vya pembe za wanyama wa dunia nzima, na tangu hapo utepe wa kupimia ukawa sehemu ya mizigo ya safari. Pembe za tandala mkubwa hupimwa kwa kuufuata mzunguko wake kutoka shinani hadi nchani, na huweza kupita mita moja na nusu; na watu waliovuka bahari kwa gharama kubwa wamepata kununiana kwa tofauti ya upana wa vidole viwili. Ernest Hemingway, aliyewinda Tanganyika katika safari ya 1933 na 1934, akaletwa Nairobi katikati ya safari hiyo kutibiwa ugonjwa wa kuhara damu, aliitolea kitabu mwaka uliofuata, na kiini cha kitabu hicho ni tandala: jinsi alivyowafuata siku baada ya siku bila kuwapata, jinsi alivyojaliwa mwishoni kuwapiga madume wawili wazuri, na jinsi aliporudi kambini akakuta mwenzake amekwisha kumleta mwenye pembe zilizozidi. Mwandishi huyo nampa heshima yake kwa kuwa hakuuficha wivu wake, ingawa mwamba ngoma huvutia kwake. Na nampa heshima ya pili kwa kumweka M'Cola, mshika bunduki wake wa Kikamba, kila mahali katika kitabu, akitazama, akicheka, akikataa, akionyesha. Ukiondoa macho ya M'Cola katika kitabu kile, umeondoa nusu ya mawindo.

Wanazuoni wetu wa pwani, wanaposikia hadithi iliyopokewa kwa watu wa zamani, hawaharakii kuistaajabia. Huuliza kwanza isnadi yake, yaani nani aliipokea kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani. Naona kwamba habari za wanyama zinastahili kuulizwa vivyo hivyo, na kwamba dosari kubwa ya masimulizi yaliyotoka Nairobi katika zama za ukoloni ni kwamba isnadi yake ilikatwa mwanzoni: tunamjua aliyeandika, tunamjua aliyefyatua, lakini yule aliyeona kwanza hatumjui. Dosari hiyo ilikuwa dhuluma kwa mtu huyo, na zaidi ya hayo mara nyingi iliwapotosha wenyewe walioifanya.

Habari ya okapi ndiyo hoja yangu kubwa katika jambo hili. Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, walimjua mnyama huyo tangu enzi za mababu, wakimtega katika mashimo, na Henry Morton Stanley alikuwa ameandika mwaka 1890 kwamba watu wa msitu wamemwambia habari za mnyama afananaye na punda. Sir Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe mkuu wa Uingereza nchini Uganda, aliwauliza Wambuti wenyewe, nao wakamweleza vizuri, kisha katika msitu walimwonyesha nyayo. Lakini nyayo zile zilikuwa za kwato mbili, naye Johnston alikuwa amekwisha kuamini moyoni mwake kwamba mnyama huyo ni wa jamii ya farasi, ambaye kwato yake ni moja. Basi akadhani ameonyeshwa nyayo za mnyama mwingine, akawapuuza wenyeji wake. Vipande vya ngozi alivyopeleka London viliwafanya wataalamu wa huko nao wamwite mnyama huyo farasi, hata ngozi kamili na mafuvu yalipowafikia mwaka 1901, ikadhihirika kuwa okapi ni ndugu wa twiga, mwenye kwato mbili kama walivyosema wale walioishi naye. Bwana mkubwa mwenye elimu alikosea, na msasi wa msituni, asiyejua kusoma ila ardhi, alikuwa amesema kweli tangu mwanzo.

Miaka mitatu baadaye likatokea jambo la jinsi hiyo katika misitu ya Kenya. Mwaka 1904 afisa mmoja wa jeshi la King's African Rifles, Richard Meinertzhagen, alipeleka Uingereza mabaki ya nguruwe mkubwa mweusi wa msituni ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua, na mtaalamu Oldfield Thomas akampa mnyama huyo jina la afisa yule, analolichukua vitabuni hata leo. Mnyama mwenye umbo kama hilo hakuwa siri kwa watu wanaowinda katika misitu ile. Lakini majina yao hayakuandikwa popote.

Simaanishi kwamba kila linalosemwa na wasasi lipokewe kwa macho mafumbo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja; lakini msimulizi mwadilifu hujua pia kusubiri. Chama cha maumbile cha Afrika ya Mashariki na Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1909 na ambacho ndicho chanzo cha makumbusho ya Nairobi, kilichapa mwaka 1912 katika jarida lake habari ya Geoffrey Williams, aliyeeleza mnyama asiyemjua aliyemwona katika nyanda za Uasin Gishu, mrefu mbele na mfupi nyuma, mwenye mwendo wa kuburura. Na tangu hapo wazungu wengi wakadai kumwona yule waliyemwita dubu wa Nandi, bila ya kuletwa ngozi wala fuvu hata leo. Mwaka 1931 mkulima Michael Trent aliwapiga simba wawili wadogo wenye madoadoa katika milima ya Aberdare, na ngozi ikaonekana. Kenneth Gandar Dower akaja kuwatafuta simba wa namna hiyo walio hai, akapanda na kushuka milima ile katika 1934 na 1935, asimpate hata mmoja. Habari hizi mbili si sawa, na fani yenyewe inatufundisha kuzitenga: katika moja tuna maneno matupu, katika nyingine tuna maneno na ngozi, ya kwanza tuiweke wazi bila kumtukana aliyesimulia, ya pili tuiheshimu bila kujenga juu yake zaidi ya inavyoweza kubeba.

Nami huvutiwa zaidi na hadithi moja iliyo karibu nasi, ya huku magharibi ya mji, ambapo mitaa ya Karen inakaribiana na milima ya Ngong. Denys Finch Hatton, aliyewaongoza matajiri na wana wa wafalme katika mawindo, na ambaye mwishoni mwa maisha yake alianza kuipenda kamera na kuwalaumu wanaowapiga simba kutoka ndani ya motokaa, alikufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwezi wa Mei 1931, akazikwa juu ya milima hiyo. Baadaye Wamaasai walimwarifu Mkuu wa Wilaya wa Ngong kwamba mara nyingi, jua likichomoza na likichwea, wamewaona simba wakilala juu ya kaburi lile. Habari ikaandikwa katika barua na rafiki wa mwandishi Karen Blixen, na Blixen, ambaye nyumba yake ya shambani ni makumbusho tangu 1986, akaitia katika kitabu alichokitoa mwaka 1937. Isnadi ya hadithi hii inajulikana kiungo kwa kiungo: walioona, aliyepokea, aliyeandika barua, aliyetia kitabuni, na tazama, kiungo cha kwanza tu, kile ambacho bila yake hakuna hadithi, ndicho kisichokuwa na jina.

Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyama. Chama kile cha Norfolk kikavunjwa, maduka yaliyokuwa yakiuza vichwa vilivyokaushwa na ngozi yakafungwa, na wengi wakadhani kwamba masimulizi nayo yamekwisha. Mimi naona kinyume chake. Marufuku iliondoa risasi, ikaacha nyayo, upepo, umande na jicho. Na kwa kuwa hakuna tena pembe za kuanikwa ukutani, hadithi ndiyo iliyobaki kuwa nyara pekee iliyo halali. Mwenye shaka na aende Makumbusho ya Taifa akamtazame Ahmed, ndovu wa Marsabit, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea amri ya ulinzi mwaka 1970, akafuatwa na walinzi wenye silaha hata akafa kifo cha kawaida mwaka 1974. Mifupa yake imesimamishwa humo, na kila pembe yake ilikuwa na uzito wa kadiri ya kilo 67. Vitabu vya vipimo vingemtamani. Lakini sifa yake haitokani na mtu aliyempiga, inatokana na watu waliomwona, wakasimulia, wakaaminiwa, hata nchi nzima ikaona haya kumpoteza.

Wala isidhaniwe kwamba ushahidi wa namna hiyo ni anasa ya wastaafu. Mwanzoni mwa mwaka 2016 simba walitoka katika Mbuga ya Nairobi, ambayo tangu 1946 inapakana na mji wenyewe, wakaingia mitaani upande wa Lang'ata. Na katika saa za namna hiyo uhai wa watu na wa simba hutegemea mtu mmoja aliyechungulia dirishani na kuweza kuwaambia askari wa wanyamapori, bila kuongeza wala kupunguza, kwamba aliona wangapi, wapi, na walikuwa wakielekea upande gani. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, simba aliyeitwa Mohawk alizingirwa na umati mbali na mbuga, akamjeruhi mtu, akapigwa risasi akafa. Panapokuwa na makelele badala ya ushahidi, mnyama na mwanadamu wote huhasirika.

Fani hii iko hai leo kwa waongozaji wa watalii, hao vijana na wazee wanaokutana katikati ya mji alfajiri wakisubiri wageni mbele ya mahoteli, wakaulizana nani ameona nini na wapi. Kwao ndiko tulikosikia mwanzoni mwa 2002 habari za simba jike wa Samburu, Kamunyak, aliyemlea ndama wa choroa kama mwanawe hata simba dume alipomla ndama huyo. Ajabu ambayo ingeitwa uwongo kama isingeonwa na wengi, siku baada ya siku, kisha ikapigwa picha. Mwaka 2019 magazeti ya ulimwengu yalitangaza kwamba chui mweusi ameonekana Laikipia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mia, na Wakenya wengi wakanung'unika, kwa haki, kwa kuwa chui wa namna hiyo walikuwa wakionwa na kusimuliwa miaka yote hiyo: kilichokuwa kipya ni uthibitisho wa wataalamu kwa kamera zao, wala si kuonwa kwa mnyama. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, alionekana Maasai Mara mwana wa punda milia asiye na milia, mweusi mwenye madoa meupe, na mnyama huyo akaitwa Tira, kwa jina la mwongozaji Antony Tira aliyemwona. Kwangu jina hilo lina thamani kuliko vipimo vyote vya Rowland Ward, kwa kuwa aliyeona kwanza alitajwa kwanza.

Basi nawasihi wanaosoma maneno haya, na hasa wenye makumbusho, wenye magazeti na walimu wa vyuo vinavyofundisha waongozaji: wako bado katika nchi hii, kutoka Kangemi na Kawangware hadi Ukambani na Marsabit, wazee waliobeba bunduki za watu wengine kabla ya 1977, waliosoma ardhi ambayo sasa imejengwa nyumba, na waliokatwa katika isnadi ya hadithi ambazo wao ndio waliozianzisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Umri wao hautusubiri sisi tumalize shughuli zetu. Aliye na mzee wa namna hiyo katika ukoo wake au katika mtaa wake na amwendee mwaka huu, amwulize upepo ulitoka wapi na nyayo zilielekea wapi, aandike jina lake kwanza, kisha aandike habari yake kama alivyoitoa.